Mchezo wa kutambua lengo la mwandishi: wanafunzi wanapata jibu bila kusoma kifungu

Mwalimu wa Ufahamu

Ndugu walimu,

Ninafundisha ufahamu kwa wanafunzi wenye umri wa miaka 11 hadi 13, na mada inayonisumbua kwa sasa ni kutambua lengo la mwandishi. Ninaifundisha kwa mchezo wa kona nne, ambao bila shaka wengi wenu mnaufahamu. Kila kona ya darasa hubandikwa karatasi yenye lengo moja, yaani kuarifu, kushawishi, kuburudisha au kuelekeza. Mimi husoma kifungu kifupi kwa sauti, wanafunzi huenda kwenye kona wanayoona inafaa, na waliosimama kwenye kona sahihi hupata alama. Darasa huchangamka, hakuna anayesinzia, na hata wale wasiofungua kinywa katika vipindi vingine hushiriki.

Shida huonekana mchezo unapokwisha. Nikiwapa wanafunzi haohao kifungu kipya kwenye karatasi, nikawauliza lengo lake ni lipi na wamelijuaje, wengi huandika lengo bila sababu, au hutoa sababu ambayo wangeweza kuitoa bila kukisoma kifungu: "ni hadithi, kwa hiyo anaburudisha", "kina namba, kwa hiyo anaarifu", "ni tangazo, kwa hiyo anashawishi". Majibu ya namna hii huwa sahihi mara nyingi, kiasi cha kumridhisha msahihishaji mwenye haraka, lakini huanguka pale namba zinapokuwa zimepangwa ili msomaji akubali jambo fulani, au pale hadithi inapokuwa imetungwa ili kuonya. Aidha, katika mchezo wenyewe kuna wanafunzi wawili watatu wanaoaminika kuwa na akili. Wakishaelekea kona fulani, nusu ya darasa huwafuata.

Naomba maoni yenu. Je, mchezo huu unaweza kurekebishwa ili umlazimishe mwanafunzi kusoma, au mada hii haifai kufundishwa kwa mchezo? Na mwanafunzi akiniambia kwamba kifungu kina malengo mawili, nimpe jibu gani?

---

Kalamu ya Risasi

Mwalimu mwenzangu, mada inafaa kabisa kwa mchezo. Kasoro iko kwenye utoaji wa alama. Mchezo wako unamlipa mwanafunzi kwa mahali aliposimama, na anayebahatisha tayari ana nafasi moja kati ya nne ya kusimama pazuri. Akimfuata mwenzake mwenye akili, nafasi hiyo inakuwa kubwa zaidi. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kufuata mkumbo ni uamuzi wa busara, na wanafunzi wako wanacheza vizuri mchezo uliowapa.

Ningeanza kwa kuacha kuwasomea. Mwalimu anaposoma tangazo, sauti yake hupanda na kushuka kama ya mtangazaji, na anaposoma maelekezo husoma polepole na kwa mkato. Sikio la mtoto hulinasa lengo kabla maneno yenyewe hayajafanya kazi. Kila mwanafunzi, au kila wawili, wawe na nakala yao na wasome kimya. Kisha, kabla ya mtu yeyote kunyanyuka kwenye kiti, kila mmoja aandike lengo alilochagua na apige mstari chini ya maneno yaliyomfanya alichague. Kalamu zikishawekwa chini ndipo watembee. Anayemfuata mwenzake atafika konani akiwa na karatasi inayosema jambo jingine, na hilo peke yake hupunguza sana tabia ya kufuatana.

Alama nazo zibadilike. Kona sahihi bila maneno yaliyopigiwa mstari isipewe chochote. Kona sahihi yenye ushahidi ipewe alama 2, na ushahidi ambao hakuna mwingine aliyeuona upewe 3. Kuna kanuni nyingine ambayo naiona kuwa ndiyo moyo wa mchezo: baada ya kila kona kujieleza, mwanafunzi aruhusiwe kuhama, na anayehama apate alama iwapo ataweza kutaja sentensi iliyomhamisha. Kwa njia hiyo kubadili msimamo kwa sababu nzuri kunakuwa na faida, na wanafunzi huanza kusikilizana badala ya kumsubiri mwalimu atamke jibu.

Vifungu pia vichaguliwe kwa hila kidogo. Kifungu ambacho darasa zima linakimbilia kona moja hakifundishi kitu. Tazama mfano huu mfupi nilioutunga kwa ajili ya zoezi la aina hii:

"Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa 7 kila usiku. Wengi hawazipati, na baadhi yao hawajui kwamba sababu iko chini ya migongo yao. Godoro lako lina umri gani?"

Darasa litagawanyika. Wengi watakwenda kwenye kuarifu kwa sababu ya ile namba 7 na kwa sababu hakuna bidhaa iliyotajwa, wala bei, wala neno "nunua". Waache wajitetee. Kisha muulize mmoja wao swali moja tu: sentensi ya mwisho inamwarifu nini msomaji? Haimwarifu kitu, kwa maana ni swali ambalo mwandishi hakulijibu, analolielekeza kwa msomaji mwenyewe ili apate wasiwasi. Na "baadhi yao hawajui" inamfanya msomaji ajiulize kama naye yumo miongoni mwa hao. Ukirudi kwenye sentensi ya kwanza baada ya hapo, utaona kwamba taarifa ile, ambayo ni ya kweli, imewekwa pale mbele ili iandae njia. Mwanafunzi aliyepitia hatua hizo kwenye kifungu kimoja amepata zaidi ya aliyekimbia huku na huko kwa vifungu kumi.

Ndiyo maana ningependekeza vifungu vitatu kwa kipindi, visizidi. Najua mchezo utapoa kidogo. Upoe.

---

Mpanga Herufi

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu ushahidi, ila ningependa kuongeza kwamba mchezo wowote unaoishia kwenye kubahatisha lengo la mtu mwingine unamwacha mwanafunzi nje ya jambo lenyewe. Lengo ni kitu anachokuwa nacho mtu anapochagua neno hili na kuliacha lile, na njia ya haraka ya kulielewa ni kumpa mwanafunzi lengo, kumkabidhi kalamu, kisha kuwaacha wenzake walitafute.

Mchezo ninaoutumia ni huu. Darasa zima linapewa orodha moja ya mambo ya kweli, na kila kundi linachota kadi ya lengo kwa siri. Linaandika aya fupi kwa kutumia mambo yaleyale, bila kuongeza jambo jipya la kweli wala kutaja lengo lake. Aya zinabadilishana mikono, na kundi linalopokea linapaswa kutaja lengo na kuonyesha sentensi ambayo ingeondolewa, lengo lingefichika. Alama hugawanywa kwa pande zote mbili: wasomaji wakikosea, waandishi nao wanakosa. Nimeweka kanuni hiyo makusudi, kwani bila hiyo makundi hujaribu kudanganyana na aya zinakuwa mafumbo.

Orodha ninayoipenda inahusu nyuki, kwa kuwa ina mambo ya kushangaza yanayoweza kuelekezwa popote. Nyuki kibarua ana macho matano. Katika msimu wa kazi nyingi anaishi takriban wiki sita. Akishagundua maua, hurudi mzingani na kucheza mbele ya wenzake kama anayecheza ngoma. Pembe ya mchezo wake huonyesha maua yako upande gani ukilinganisha na jua, na muda anaotikisa tumbo huonyesha umbali. Aliyefafanua maana ya mchezo huo ni Karl von Frisch, aliyekuwa mmoja wa watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba mwaka 1973.

Sasa angalieni jinsi mambo hayo yanavyoweza kugeuka. Kundi lenye kadi ya kuarifu linaweza kuandika hivi: "Nyuki kibarua huwaelekeza wenzake kwenye maua kwa kucheza. Pembe ya mchezo huonyesha mwelekeo, na muda wa kutikisa tumbo huonyesha umbali." Lenye kadi ya kushawishi: "Kiumbe anayeishi wiki sita tu anatumia sehemu ya siku zake kuwaonyesha wenzake chakula kilipo. Je, ni haki sisi tunyunyizie sumu maua hayohayo saa za mchana, wakati yeye yuko kazini?" Lenye kadi ya kuburudisha: "Aliporudi mzingani hakusalimia mtu. Alianza kutikisa tumbo, akatikisa, akatikisa, hata mzee mmoja mwenye macho matano yaliyochoka akasema: huyu ama ameona maua mbali sana, ama amelewa."

Wakati wa kulinganisha aya hizo, yale majibu ya "kina namba, kwa hiyo anaarifu" hufa yenyewe. Wiki sita zimo kwenye aya ya kushawishi, na zimo pale kwa ajili ya huruma. Macho matano yamo kwenye aya ya kuchekesha, na yamefanywa yachoke. Mwanafunzi anaona kwamba jambo la kweli halina lengo lake lenyewe hadi mtu alishike na kulipa kazi. Muulize pia kila mwandishi aliacha nini. Aya ya kushawishi haikutaja pembe wala umbali, kwa sababu msomaji akianza kufikiria jiometria, huruma inapungua. Swali hilo la kilichoachwa hufungua mambo mengi, ingawa halimo kwenye vitabu vingi vya mazoezi nilivyovitumia.

Tahadhari moja: kadi ya kuburudisha huwapa shida wanafunzi wenye bidii, kwani wengi hudhani maana yake ni kuandika utani. Waambie kwamba hadithi ya kutisha au ya kuhuzunisha nayo hushika moyo wa msomaji na kumfanya aendelee kusoma.

---

Msomaji wa Usiku

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ningependa kulijibu lile swali la kifungu chenye malengo mawili, kwa kuwa naliona kuwa zito kuliko mengine, na mchezo wa kona nne kwa umbile lake unalikwepa. Mwanafunzi hawezi kusimama kwenye kona mbili kwa wakati mmoja.

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, alibainisha dhima sita za lugha, na hoja yake iliyo na manufaa kwetu ni kwamba ni vigumu kupata ujumbe wenye dhima moja tu. Ujumbe hutofautiana kwa jinsi dhima hizo zilivyopangwa, ipi iko juu na ipi inaitumikia nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuambia kifungu kina malengo mawili yuko sahihi, na anastahili kuulizwa swali linalofuata: lengo lipi linamtumikia mwenzake? Katika mfano wa godoro, kuarifu kunatumikia kushawishi. Katika aya ya tatu ya nyuki, taarifa inatumikia kicheko. Wanafunzi wa umri wa miaka 12 wanaliweza swali hilo vizuri iwapo utawapa njia ya kulipima: ondoa sehemu inayoarifu, je, kifungu bado kinafanya kazi yake? Kisha irudishe, uondoe ile inayoshawishi. Sehemu ambayo ikitoka kifungu kinabaki hakina sababu ya kuwapo, ndiyo inayobeba lengo kuu.

Kwa upande wa mchezo, badala ya kona nne chora mraba mkubwa sakafuni, au tumia chumba chenyewe kuwa mraba, na mwanafunzi asimame mahali popote kati ya kona. Anayeona kwamba kifungu kinashawishi kwa njia ya kuarifu asimame kwenye ukuta kati ya kona hizo mbili, karibu zaidi na ile anayoona kuwa ni kuu, kisha aeleze kwa nini amesimama hatua moja mbele ya jirani yake. Mabishano juu ya hatua moja ndiyo yenye manufaa.

Jambo la pili ni lile la "hadithi, kwa hiyo anaburudisha". Hapo wanafunzi wanachanganya umbo na lengo, na fasihi yetu wenyewe inatoa dawa. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Una mishororo yenye vina, kila kipande kina mizani 8, na unafaa kughaniwa; kwa umbo ni ushairi tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini alichokuwa akikifanya ni kumpa mwanawe mawaidha ya dini na ya maisha ya ndoa. Vina na mizani vinayafanya mawaidha hayo yakae kichwani. Mwanafunzi akijua kwamba utenzi unaweza kuonya, na kwamba barua rasmi inaweza kukejeli, hataamua tena kwa kutazama umbo la maandishi kabla ya kuyasoma.

Nimalizie kwa pingamizi ambalo mwanafunzi mjanja atalileta siku moja, kama bado hajalileta: "Mwalimu, wewe umejuaje alichokusudia mwandishi? Ulimuuliza?" Pingamizi hili si la kitoto. Wahakiki Wimsatt na Beardsley walilijengea hoja mwaka 1946, wakisema kwamba nia ya mtunzi haipatikani wala haifai kuwa kipimo cha kuihukumia kazi ya fasihi. Wao walikuwa wakizungumzia ushairi na thamani yake, nasi tunazungumzia ufahamu, kwa hiyo hatuna haja ya kuingia vitani. Inatosha kulipanga swali vizuri. Badala ya "mwandishi alitaka nini?", uliza "maandishi haya yanamtaka msomaji ajue nini, aamini nini, ahisi nini au afanye nini, na ni maneno gani yanayoonyesha hivyo?" Swali la kwanza linamwalika mwanafunzi kukisia moyo wa mtu asiyemjua. La pili linamrudisha kwenye karatasi iliyo mbele yake, ambako jibu linaweza kubishaniwa na kila aliyeisoma.

---

Mwalimu wa Ufahamu

Ninawashukuru sana nyote. Suala la sauti yangu kutoa jibu halikuwa limenijia akilini, na nitaanza na hilo, kwa kuwa halihitaji chochote ila nakala. Mchezo wa kadi za siri nitautumia katika kipindi kinachofuata, ingawa nadhani nitaanza na malengo mawili pekee, kuarifu na kushawishi, kwa sababu hayo ndiyo wanafunzi wangu wanayoyachanganya zaidi. Hayo mengine yataongezwa baadaye.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, darasa langu lina wanafunzi wengi na madawati yamebanana, kiasi kwamba wazo la kusimama popote kati ya kona litaleta msongamano na kelele. Pili, nitajuaje kwamba mwanafunzi mmoja mmoja ameelewa, ilhali kazi yote inafanywa kwa makundi?

---

Kalamu ya Risasi

Kuhusu msongamano, si lazima mtu atembee. Kila mwanafunzi achore msalaba kwenye kipande cha karatasi na kuandika malengo manne kwenye ncha zake, kisha aweke nukta mahali anapoona kifungu kinaangukia. Ukihesabu hadi tatu, wote wanainua karatasi kwa pamoja. Utaziona nukta za darasa zima kwa mara moja, na utajua ni nani wa kuanza kumuuliza. Mimi huanza na nukta iliyo peke yake, kabla kundi kubwa halijasema lolote, kwa sababu mwenye nukta hiyo ama ameona kitu ambacho wengine hawakukiona, ama amepotea kwa namna itakayotusaidia sote.

Kuhusu kumpima mmoja mmoja, dakika tano za mwisho zinatosha. Wape kifungu ambacho hakikutumika katika mchezo, chenye sentensi nne au tano, na uwaambie kuwa lengo lake ni kushawishi. Ndiyo, wape jibu. Kisha waagize wanakili maneno mawili au sentensi moja inayothibitisha hivyo, na waandike upya sentensi hiyo ili iwe ya kuarifu tu. Asiyeelewa atabadilisha neno moja la pembeni na kuiacha nguvu ya sentensi palepale. Aliyeelewa ataondoa lile neno la kusifu, au swali lililomlenga msomaji, au ile "wewe" iliyojificha kwenye kitenzi. Usahihishaji wake ni mwepesi, kwani unatazama sentensi moja kwa kila mwanafunzi.

---

Mpanga Herufi

Ningeongeza kwamba sentensi hizo zilizoandikwa upya zisitupwe. Chagua mbili ambazo zimeshindwa kidogo, uzinakili ubaoni bila majina mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, na uliulize darasa ni neno gani bado linashawishi. Kuanza na malengo mawili naunga mkono. Ila utakapoongeza kadi ya kuelekeza, jiandae, kwa sababu kitenzi cha kuamuru kinapatikana kwenye maelekezo na kwenye matangazo pia: "koroga" na "jaribu leo" vyote vinamwambia msomaji afanye jambo. Kinachovitenganisha ni kwamba anayesoma "koroga" amekwishaamua kuifanya kazi hiyo na anataka kujua hatua zake, wakati anayesoma "jaribu leo" bado hajaamua. Waache wanafunzi walitafute jambo hilo wenyewe kabla hujawaambia.